Uso mpya kwenye kasha la kale: namna ya kuzisoma saa za dhahabu zilizoguswa

Weka lenzi ya fundi jichoni, inamisha saa ya mkononi ya Patek Philippe ya miaka ya 1940 kuelekea dirishani, kisha tazama jina la kampuni peke yake. Dhahabu iache kwanza. Kama uso wa saa ni uleule iliotoka nao kiwandani Geneva, herufi zitaonekana zina mwili: nyeusi, zenye kung'aa, kingo zake zimekaza. Kama uso umepakwa upya, herufi zitakuwa zimelala bapa juu ya rangi, hapa nene, pale nyembamba, na vitone vya wino vimevuja pembeni. Jicho tupu haliioni tofauti hiyo. Lakini ndiyo inayoamua iwapo mnunuzi atalipa bei ya dhahabu tu au mara kadhaa ya bei hiyo.

Tofauti inatokana na namna nyuso hizo zilivyotengenezwa. Jina halikupigwa chapa. Lilichongwa kwenye bamba la madini, mifereji ya herufi ikajazwa unga wa enameli, bamba likatiwa tanuruni mpaka unga ukayeyuka na kushikamana na madini, kisha likasuguliwa, likapakwa fedha na kumaliziwa kwa vanishi. Kazi hiyo ilifanywa na kiwanda cha ndugu wa ukoo wa Stern, mabingwa wa nyuso za saa mjini Geneva. Mwaka 1932, wakati mdororo wa uchumi wa dunia ulipokuwa umeikaba Patek Philippe, Charles na Jean Stern waliinunua kampuni yenyewe, yaani watengeneza nyuso wakawa wamiliki wa saa nzima, na ukoo huo unaimiliki hadi leo. Mwaka huohuo ikatoka Calatrava namba 96: saa ya duara yenye kipenyo cha takriban milimita 31, haina pambo, na vipembe vya kushikia mkanda vinatiririka kutoka ubavuni mwa kasha kana kwamba vimemiminwa pamoja nalo. Ilitengenezwa kwa miongo minne, na saa nyingi za kiungwana zilizofuata ziliiga umbo lake. Ndiyo nitakayoitumia zaidi hapa, kwa sababu haina mahali pa kufichia kosa.

Kwa kuwa enameli imekaa ndani ya madini, fundi mzoefu anaweza kuuosha uso wa namna hiyo, vanishi iliyogeuka manjano ikaondoka na herufi zikabaki. Ukioshwa mara nyingi mno, au kwa mkono mzito, herufi huanza kukonda. Vinavyotangulia kufifia ni vistari vyembamba: alama ya mkazo juu ya neno Genève, mkia wa herufi, mstari wa duara dogo la sekunde. Uso wa hivyo umechoka, lakini ni uleule. Mimi niko upande wa wanaosema heri uso uliochoka kuliko uliopakwa upya, na sababu zake nitazionyesha.

Kwanza tusiwahukumu mafundi wa zamani. Kati ya miaka ya 1950 na 1970 mtu aliyepeleka saa yake kusafishwa aliitaka irudi inang'aa. Uso wenye madoa ulihesabiwa kuwa kasoro, sawa na mkanda uliokatika. Fundi aliufungua, akautuma kwa mtaalamu wa kupaka nyuso, na huko ukavuliwa kila kitu hadi madini, ukapakwa rangi mpya na kupigwa jina kwa wino. Mwenye saa alilipa akafurahi. Hakuna aliyedanganywa, kwa maana hakuna aliyedhani kwamba miaka hamsini baadaye watu wangelipa zaidi kwa uso wenye madoa. Udanganyifu unaingia siku saa hiyo inapouzwa kwa maneno kwamba haijawahi kuguswa.

Uso uliopakwa upya hujifichua mahali kadhaa, na ni vizuri kupapitia pote, kwa sababu mpakaji hodari anaweza kupatia sehemu moja akakosea nyingine. Angalia kwanza vijiti vya dhahabu vinavyoonyesha saa. Vina miguu midogo iliyopenyezwa kwenye uso na kukazwa kwa nyuma. Ili kupaka rangi safi, lazima ving'olewe na kurudishwa, na mara nyingi kimoja hurudi kimepinda kidogo, au kinaacha mkwaruzo kwenye kitako chake. Wakati mwingine mpakaji mvivu havitoi kabisa, na vanishi mpya inajikusanya kuvizunguka kama maji ya mvua kwenye kizingiti cha mlango. Kisha angalia mistari ya dakika: katika uso wa kiwandani, mstari wa dakika ya tano, ya kumi na ya kumi na tano unaangukia katikati ya kijiti chake. Uliopakwa upya mara nyingi huteleza kidogo upande mmoja. Chini kabisa, karibu na alama ya 6, neno SWISS linapaswa kuonekana zima. Likiwa limekatwa nusu na ukingo wa kasha, au halipo kabisa, uliza. Mwisho, ikiwa saa imefunguliwa, tazama ukingo wa uso: wapaka nyuso wengi walikata pengo dogo pembeni ili uso ukae sawasawa kwenye mashine ya kupigia chapa. Pengo pekee halitoshi kuhukumu, lakini likiambatana na wino bapa na mistari iliyoteleza, kesi imekwisha.

Kuna kipimo kingine kinachohitaji kujua historia kidogo. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1940 Patek Philippe iliandika jina lake kirefu kwenye uso: PATEK, PHILIPPE & Co, pamoja na mkato na alama ya "na". Baadaye likafupishwa likawa PATEK PHILIPPE. Basi saa ambayo namba zake zinaonyesha ilitengenezwa mwaka 1938, lakini uso wake una jina fupi, imebadilishwa uso. Pengine ni kampuni yenyewe iliyofanya hivyo mwenye saa alipoipeleka kutengenezwa mwaka 1960, ikamwekea uso mpya halali wa wakati huo. Wakusanyaji huziita hizi nyuso za huduma. Ni kazi ya kiwanda, ina heshima yake, lakini si uso wa mwaka 1938, na muuzaji mwaminifu hulitaja jambo hilo kabla hujauliza.

Mishale huzungumza haraka zaidi. Kila umbo la mshale lilikuwa na vijiti vinavyofanana nalo: mishale mipana yenye mgongo katikati ilienda na vijiti vyenye mgongo, mishale myembamba iliyonyooka ilienda na vijiti vilivyonyooka. Mshale wa dakika unapaswa kufika kwenye mistari ya dakika. Ukiishia njiani, umetoka kwenye saa ndogo zaidi. Rangi nayo isikupite. Dhahabu ya waridi ya karati 18 ni dhahabu asilimia 75, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni shaba nyekundu, ndiyo maana ina wekundu. Kasha la waridi lenye mishale ya manjano si kitu kiwanda kilikusudia. Na kama mishale ina mfereji wa rangi ya kung'aa gizani wakati uso hauna hata tone la rangi hiyo, mishale hiyo imetoka kwingine. Rangi za aina hiyo kabla ya miaka ya 1960 zilikuwa na radiamu, ambayo huunguza uso pole pole. Mishale ya radiamu iliyosimama mahali pamoja kwa miaka kwenye droo huacha kivuli cha kahawia mahali hapo. Kivuli kikiwa na umbo tofauti na mshale uliopo leo, umepata ushahidi usioweza kufutwa bila kuuharibu uso.

Sasa kasha. Hapa dhahabu yenyewe inageuka kuwa tatizo, kwa kuwa ni laini. Kila mara saa ya dhahabu inapopelekwa kwenye gurudumu la kung'arishia, inapunguzwa. Vipembe vya Calatrava 96 vilitoka kiwandani vikiwa na kingo zinazoonekana wazi, hasa pale uso wa juu unapokutana na ubavu. Baada ya kung'arishwa mara nne au tano kingo hizo hulainika, na kasha huanza kuonekana limevimba. Kipimo ninachokipenda ni matundu ya pini za mkanda, upande wa ndani wa vipembe. Shika saa ubavu, uangalie umbali kutoka kwenye tundu hadi ukingo wa juu, ukingo wa chini na ncha. Matundu hayo hayasogei kamwe. Kinachosogea ni dhahabu inayoyazunguka. Ukiona tundu limekaribia ncha upande mmoja kuliko mwingine, umeshajua ni kiasi gani kimekwenda na vumbi la karakana.

Chapa za serikali nazo husimulia. Uswisi ilipiga kichwa cha mwanamke, Helvetia, kwenye dhahabu ya karati 18, na kindi kwenye ya karati 14. Ufaransa ilitumia kichwa cha tai. Uingereza ina mfumo wake wenye herufi ya mwaka na alama ya mji, ambapo nanga ni ya Birmingham. Ukizisoma pamoja na namba 750, 585 na 375, yaani karati 18, 14 na 9, unajua kasha limepimwa wapi. Chapa iliyofifia sana kwenye kipembe inathibitisha kwamba kasha limesuguliwa. Chapa kali kama mpya kwenye kipembe kilichovimba inatia wasiwasi mkubwa zaidi. Siku hizi kuna mafundi wanaoongeza dhahabu kwenye vipembe kwa kuchomelea kwa leza, kisha wanachonga kingo upya. Kazi nzuri ya aina hiyo ni ngumu kuigundua. Isipofanywa vizuri, rangi ya dhahabu iliyoongezwa hupishana kidogo na ile ya zamani, na mpaka wake huonekana ukiizungusha saa chini ya taa moja.

Kifuniko cha nyuma kina historia yake. Uingereza kampuni nyingi zilimzawadia mfanyakazi saa ya dhahabu ya karati 9 baada ya miaka 25 ya utumishi, jina lake na tarehe vikiwa vimechongwa nyuma. Leo wauzaji wengi huyafuta majina hayo, wakiamini mnunuzi hataki jina la mtu asiyemjua. Kufuta kunahitaji kuondoa dhahabu mpaka kina cha herufi, na kifuniko kinabaki chembamba. Kikitazamwa kwa mwanga wa kulalia, kinaonyesha bonde pana katikati. Hilo naona ni hasara mbili: dhahabu imepotea, na mtu aliyevaa saa ile akienda kazini kila siku amefutwa. Saa yenye jina ningeinunua kabla ya isiyo na jina.

Kuna pia kasha lisilo la dhahabu tupu. Maneno "gold filled" au "plaqué or", au kipimo cha mikroni, ni taarifa za wazi kwamba dhahabu ni tabaka la juu tu. Hakuna aibu ndani yake, mradi imesemwa. Hila inayoumiza ni kasha la dhahabu ya manjano lililopakwa tabaka jembamba la waridi kwa umeme, kwa sababu saa za waridi ni chache zaidi na zinatafutwa. Rangi hiyo huchakaa kwanza kwenye ncha za vipembe na pale mkanda unapogusa, na manjano huchungulia. Sonara yeyote mwenye jiwe la kupimia ataiona mara moja, ikiwa atapewa ruhusa ya kuangalia upande wa ndani.

Fungua sasa kifuniko. Watu wengi huona mashine na kasha visivyolingana wakadhani wameibiwa, kumbe wameshika saa halisi. Ushuru wa Marekani ulifanya iwe nafuu kuingiza mashine peke yake na kuitia kwenye kasha lililotengenezwa hukohuko. Mashine hizo zilipigwa herufi tatu za mwagizaji: OXG kwa Omega, LXW kwa Longines. Ndiyo maana Omega ya karati 14 yenye kasha la kampuni ya Kimarekani na herufi OXG kwenye mashine ni saa ya halali kabisa, ingawa kasha lake halikuwahi kuiona Uswisi. Uingereza hali ilikuwa hiyohiyo: Dennison wa Birmingham alitengeneza makasha mengi ya karati 9 kwa Omega. Kinacholeta swali ni kinyume chake, mashine yenye OXG ndani ya kasha la karati 18 lenye kichwa cha Helvetia. Hapo inabidi mtu aeleze vilikutana wapi.

Na mara nyingi vimekutana kwa sababu ya bei ya dhahabu. Tarehe 21 Januari 1980 wakia moja ilifika dola 850, bei ambayo haikuwahi kuonekana, na watu walipeleka makasha ya saa kuyeyushwa kwa kilo. Mashine zilibaki kwenye madroo ya mafundi, nzima, kamani zake zikifanya kazi, bila nyumba. Miaka mingi baadaye mashine hizo zikatafutiwa makasha mapya, na ndiko zinakotoka saa nyingi za kuungaunga. Angalia kifundo cha kutilia ufunguo: kikiwa hakikai katikati ya tundu lake, mashine haikuzaliwa humo. Angalia alama za skrubu kwenye ukingo wa ndani wa kasha: zikiwa ziko mahali ambapo hakuna skrubu, mashine nyingine ilikaa hapo kabla. Uso una miguu miwili inayoingia kwenye mashine. Miguu iliyokatwa na kulehemiwa mahali pengine inasema uso ulikuwa wa mashine nyingine. Katika makasha ya zamani ya Patek Philippe, tarakimu tatu za mwisho za namba ya kasha mara nyingi hupigwa pia kwenye vipande vingine vya kasha, na zikitofautiana, kipande kimoja kimetoka kwingine. Hili linawatokea wachache, lakini linapotokea halina utetezi.

Namba ya mashine na namba ya kasha haziwiani zenyewe kwa zenyewe. Zinaunganishwa na daftari la kiwanda. Patek Philippe, kwa malipo, hutoa hati kutoka kwenye kumbukumbu zake inayotaja mwaka wa kutengenezwa, tarehe ya kuuzwa na madini ya kasha. Hati ikisema chuma cha pua na wewe umeshika dhahabu, mazungumzo yamekwisha. Lakini hati haiwezi kukuambia kama uso ulipakwa upya mwaka 1965, wala kama vipembe vimeongezwa dhahabu mwaka jana. Wanaouza saa kwa kuinua hati juu na kukataza lenzi wanajua jambo hilo vizuri.

Eneo linalonisumbua zaidi ni maandishi yaliyoongezwa ili kupandisha bei. Maduka makubwa yaliweka majina yao chini ya jina la mtengenezaji: Tiffany & Co. New York, Gübelin Lucerne, Serpico y Laino Caracas. Saa yenye jina la pili huuzwa zaidi, na jina la pili ni rahisi kulighushi kwa sababu hata lile halisi halikufanywa kwa enameli kila mara. Jina la Tiffany mara nyingi lilipigwa hukohuko Marekani, kwa wino, juu ya uso uliokwisha kukamilika. Hivyo kanuni ya enameli na wino inagoma kufanya kazi hapa. Inabaki kulinganisha umbo la herufi na saa nyingi zinazojulikana, na kufuatilia saa ilikokuwa.

Wapo wasomaji ambao jambo hili linawagusa kwa karibu. Sultani Qaboos wa Oman, aliyetawala kuanzia 1970 hadi alipofariki Januari 2020, aliagiza saa za Uswisi zenye jambia na panga mbili usoni, nyingi kupitia duka la Asprey la London, akawatunukia maofisa, wageni na watumishi wa serikali. Katika familia za Muscat zinazozungumza Kiswahili, waliorudi Oman kutoka Unguja na bara baada ya 1970, saa ya aina hiyo inaweza kuwa sandukuni. Wakusanyaji wa dunia wanazitafuta, na waghushi wanalijua hilo. Uso wa kawaida unachukuliwa, jambia linapigwa juu yake, na saa inapelekwa sokoni. Anayemiliki ya kweli asiitenganishe na kisanduku chake, barua iliyokuja nayo, na picha ya mzee akiwa ameivaa. Picha hiyo ina nguvu kuliko maelezo ya muuzaji yeyote.

Asidhani mtu kwamba wakubwa hawadanganyiki. Novemba 2021 nyumba ya mnada ya Phillips iliuza Geneva saa ya Omega Speedmaster ya 1957, ya chuma, kwa zaidi ya faranga milioni 3.1 za Uswisi. Aliyeinunua alikuwa makumbusho ya Omega wenyewe. Mwaka 2023 Omega ikatangaza kwamba saa ile iliungwa kwa vipande vya saa mbalimbali, na kwamba watu waliowahi kuwa wafanyakazi wake walihusika. Vipande vingi vilikuwa halisi, na hapo ndipo ugumu ulipo: saa nzima inaweza kuwa ya uongo hata pale kila kipande ni cha kweli.

Mwenye saa ya dhahabu aliyorithi, na anataka tu itembee, hahitaji kujua yote haya. Anahitaji kumwambia fundi wake maneno machache kabla hajaifungua. Mashine isafishwe na kutiwa mafuta. Uso usiguswe, usioshwe, usipakwe, hata kama una madoa. Kasha lisipelekwe kwenye gurudumu, lifutwe tu kwa kitambaa. Kipande chochote kinachobadilishwa, kuanzia kioo hadi kifundo cha kutilia ufunguo, kirudishwe kwenye kimfuko pamoja na saa, kwa sababu mnunuzi au mjukuu wa kesho atakitafuta. Namba ya mashine na namba ya kasha ziandikwe kwenye risiti, na picha ya uso ipigwe kwa karibu, pakiwa na mwanga wa dirisha, kabla bisibisi haijagusa kifuniko.